Stika ya Kijani Kwenye Gari la Mama Trijn

Jumatatu, 9 Mei. Veendam.

Mjomba Roelf kaniuliza tena asubuhi kama stika ipo. Nimemwambia ipo. Haipo!

Mambo yenyewe ni haya. Binamu yangu Hilje, binti yake Mjomba, anaolewa Jumamosi, Freiburg, Ujerumani. Kasema siku hiyo hapandi gari lolote ila gari-nyumba la marehemu mama yake, Mama Trijn. Likizo zake zote za utotoni alilala humo. Mapazia yake, yale ya maua ya alizeti, Mama Trijn aliyashona kwa mkono. Sasa Freiburg huingii mjini bila stika ya kijani kwenye kioo cha mbele, kuonyesha moshi wako si mchafu. Gari letu ni dizeli ya zamani. Likiwashwa tu, majirani wanaanua nguo.

Mwezi uliopita Mjomba alinituma kwa wakaguzi. Nikasimama mlangoni mpaka wakaniita. Bwana mmoja akasoma karatasi za gari, akasema kijani halipati, hata ya njano halipati. Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani nikasema mambo tayari. Sijui kwa nini. Mjomba akafurahi, akasema arusi ikiisha salama gari ni langu. Baada ya hapo unaanzia wapi kusema ukweli?

Leo nimepata njia. Pale skrepa, kwenye magari ya kuvunjwa, ninapofanya kazi wameleta gari-nyumba la Kijerumani, jeupe, lina mstari wa kahawia ubavuni. Wenyewe walikuwa mzee na mkewe, wote wamefariki, hakuna aliyelitaka. Stika ya kijani ipo. Namba ya gari huwa inaandikwa juu yake kwa kalamu, lakini hii jua lilishaila, pamebaki peupe. Stika hizi zinachanika ukizibandua, ndivyo zilivyotengenezwa. Kwa hiyo nilikwenda na drayer ya nywele ya mama, ilainishe gundi. Nikagusa kioo kwanza. Cha moto. Drayer nilikuwa sijaiwasha, na mvua ilikuwa inanyesha.

Nikaivuta. Ikaja nzima, laini, kama mtu anayekupa mkono.

Nimeibandika kwenye letu na kuandika namba yetu kwa wino mzito. Maridadi kabisa! Mimi si mjinga kama wanavyosema.

Jumanne, 10 Mei. Njiani.

Tumeondoka. Gunia la viazi chini ya kitanda, maana Mjomba haamini viazi vya nchi nyingine. Yeye anaendesha, mimi naangalia.

Wenye magari-nyumba hupungiana mikono wakipishana. Hamjuani, hamtaonana tena, lakini mkono lazima unyanyuke. Mjomba anaishi kwa hiyo mikono. Upande wetu wa mpaka walipunga wote. Tulipoingia Ujerumani yakaanza mambo. Mtu ananyanyua mkono, anatazama kioo chetu, anaushusha. Na wa pili hivyo hivyo. Mmoja aligeuza uso kabisa.

Mjomba kasema Wajerumani wa siku hizi wamekuwa na roho ngumu. Nikamwambia ndiyo, nimesikia.

Karibu na Cologne mmoja akatupungia. Mzee na mkewe, mikono yote miwili juu, wanacheka kama wanatujua. Mjomba akapiga honi mara tatu kwa furaha. Gari lao jeupe. Mstari wa kahawia ubavuni.

Nimejiambia magari ya namna hiyo yako mengi.

Jumatano, 11 Mei. Kwenye mashamba ya mizabibu.

Asubuhi niliangalia stika. Namba niliyoandika imefutika yote. Wino mzito! Nikaandika upya, nikakandamiza mpaka kioo kikalia.

Baada ya kahawa tukapishana na wale wazee. Mbele yetu, wanakuja. Jana walikuwa wanakwenda kaskazini. Leo walitakiwa wawe nyuma yetu mbali sana. Yule mama mzee alipunga. Mzee hakupunga, alikuwa anaangalia kioo chetu, pale kwenye pembe. Mchana, barabara nyingine, wakaja tena mbele yetu. Mjomba kasema hawa wanapenda kuzunguka.

Gerlof kapiga simu. Huyu ni kaka yake Hilje. Ana gari la umeme, haliungurumi, kama yeye mwenyewe anapokujia kwa nyuma. Siku nyingi anamwambia baba yake gari-nyumba lipelekwe skrepa. Akataka aongee na mimi. Akasema, "Bwana mdogo, bado hawajawanyang'anya hilo jiko la mkaa?" Nikasema bado. Akasema nisisahau kumpungia polisi. Nikasema sawa. Jibu zuri lilinijia tulipokuwa tunapika viazi, amekwisha kata simu zamani.

Tumelala kwa Bi Imhoff, mkulima wa zabibu anayepangisha nafasi za magari uani. Hatujawahi kufika hapo. Alitoka, akatazama kioo, akasema mahali petu ni pale pale ukutani, amepaacha wazi. Waya wa umeme alikuwa ameshautandaza. Kaniuliza mgongo wangu unaendeleaje siku hizi. Kijerumani chao nakielewa, si mbali sana na lugha ya kwetu. Nimesema afadhali.

Mjomba kafurahi, kasema huyu angalau ana adabu. Halafu akaniuliza kofia iliyotundikwa nyuma ya mlango ni ya nani. Ya kijani, ya mzee, ina unyoya. Sijawahi kuiona. Nikamwambia nimenunua kwa ajili ya arusi. Kasema nimechagua vibaya.

Alhamisi, 12 Mei.

Kwenye stika kuna namba. Siyo yetu. Mwandiko siyo wangu. Saba yake ina kistari katikati, na mimi saba zangu sijawahi kuziwekea kistari.

Nimejaribu kuibandua. Drayer, kisu, maji ya moto, siki ya Mjomba ya kachumbari. Haibanduki. Ukucha umekatika. Nikaifunika kwa kadi ya bima, kadi ikaanguka. Nikaifunika kwa gazeti, Mjomba akasema haoni barabara. Mwisho nikaegemeza kofia mbele yake pale juu ya dashibodi. Kofia ilitulia vizuri sana. Kama imerudi kwake.

Mjomba kaniuliza kama nimefua mapazia, mbona yamefifia. Nikatazama. Maua ya alizeti yamekuwa ya kahawia, kama yameachwa shambani mpaka baridi ikayakuta. Nikasema ndiyo, nimefua, nilitaka yapendeze. Akanishika bega akasema Mama Trijn angefurahi. Nilijisikia vibaya, lakini si sana, kwa sababu hajawahi kunishika bega.

Vikombe navyo si vile. Vyetu vilikuwa vya buluu. Nimesema vya buluu nimevifunga kwenye boksi visivunjike.

Ningeweza kumweleza. Lakini nikieleza vikombe, lazima nieleze mapazia, na nikieleza mapazia tutafika kwenye stika, halafu kwa yule bwana wa ukaguzi, halafu gari halitakuwa langu.

Mchana wale wazee wakaja tena mbele yetu. Mjomba alikuwa anatafuta peremende zake nyeusi za chumvi, hakuwaona. Mimi niliwaona vizuri. Mstari wao wa ubavuni sasa ni wa buluu, kama wetu. Na dirishani kwao kuna alizeti. Manjano ile ile, na lile ua moja ambalo Mama Trijn alilishona kichwa chini miguu juu akacheka mpaka akalia.

Mama wa mle ndani alikuwa amelishika pazia kwa vidole, anamwonyesha mumewe.

Nikamsaidia Mjomba kutafuta peremende.

Ijumaa, 13 Mei. Freiburg.

Leo ndiyo siku ya kibao cha kuingilia mjini. Duara jekundu, chini yake stika ya kijani imechorwa. Mjomba kapunguza mwendo akaniuliza kama roho yangu imetulia. Nimesema imetulia. Nilikuwa nimeketi juu ya mikono yangu.

Tukaingia! Taa ya kwanza, ya pili. Ya tatu akatoka mwanamke mmoja mwenye sare ya mji, akatuashiria tusimame pembeni. Akasoma stika. Akainama akasoma namba ya gari. Akarudi kwenye stika. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kuomba msamaha kwa Kijerumani, na sikuwa nayo hata kwa lugha yangu.

Akasema, "Vinalingana. Wote wangekuwa kama nyinyi, kazi yangu ingekuwa nyepesi."

Tangu nizaliwe hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuniambia kitu changu kiko sawa. Hata shuleni. Niliona raha mpaka masikio yakapata joto.

Tulipoegesha nikashuka kuangalia. Kibao chetu cha namba kilikuwa cha njano, kama vyote vya kwetu. Sasa ni cheupe. Namba ile ya saba zenye kistari. Mstari wa ubavuni ni wa kahawia kuanzia mlangoni mpaka nyuma. Nikaukwangua kwa ufunguo. Chini yake kahawia tena.

Kwa hiyo mpango umefanikiwa. Haukufanikiwa nilivyoupanga, lakini tumo mjini, na Gerlof hana la kusema.

Mjomba alikuwa ndani, amekaa mezani, ameshika mto wa kulalia. Kaniuliza ile harufu ni ya nini. Tumbaku ya kiko. Nimesema ni majirani. Akasema hapana, iko kwenye mto. Halafu akafungua kabati la sukari akasimama pale muda mrefu, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakati wenyewe hawapo.

Jumamosi, 14 Mei. Arusi.

Niandike haraka.

Hilje alitoka na gauni lake jeupe na maua mkononi, akaja mbio kama mtoto. Akafungua mlango wa gari. Hakupanda. Akaingiza kichwa, akanusa. Akagusa pazia.

Akasema, "Baba, hili gari la nani?"

Mjomba akasema la mama yako. Alivyosema, hata mimi nisingeamini.

"Mama hakuwahi kukaa humu," Hilje akasema. Taratibu tu. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

Mjomba akatazama kofia, mto, vikombe. Ni kama alikuwa anaamka. Wakanigeukia wote wawili. Hilje akaniuliza alizeti za mama yake ziko wapi. Nikatazama viatu vyangu. Nikasema gari lenyewe liko kwa fundi, lilipata hitilafu kidogo, hili ni la kuazima. Kesho saa tisa litakuwa hapa kabla hawajaondoka kwenda fungate.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka lenyewe tu.

Hilje akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akaniambia, "Wubbo, nitasubiri. Mimi nakuamini." Halafu akapanda gari la Gerlof. Likaondoka bila sauti. Gerlof hakunicheka. Alinitazama kwenye kioo chake cha pembeni mpaka wakakata kona.

Mjomba alikwenda kwa miguu. Nilimfuata kwa nyuma, mbali kidogo. Pale darajani likapita gari-nyumba upande wa pili wa mto, polepole. Kibao cha njano. Namba yetu. Alizeti dirishani. Hakuna aliyekuwa kwenye usukani. Yule mama mzee alikuwa mezani anamimina chai kwenye kikombe cha buluu. Mjomba akavua kofia. Siyo ile ya unyoya, yake mwenyewe. Akasimama hivyo hivyo mpaka likaisha kupita, na watu wa baiskeli wakimpigia kengele apishe njia.

Kanisani alikaa kiti cha nyuma. Hakula keki.

Jumapili, 15 Mei. Uwanja wa magari, kando ya mto.

 Mjomba amekaa nje kwenye kiti cha kukunja, hataki kuingia ndani. Kasema gari ni langu tangu sasa, nichukue. Nimesema asante. 

Nimefikiri toka asubuhi, na nimeona kosa liko wapi. Kosa si stika. Kosa ni kuchukua stika bila kuchagua. Nilichukua ya kwanza niliyoikuta, ya watu wa mstari wa kahawia, ndiyo maana tumepata kahawia. Stika ikihamia, gari linafuata. Basi ni suala la kutafuta gari lenye mambo mazuri ndani.

Na lipo! Nafasi ya tatu kutoka kwetu, Wadenmaki, mume na mke. Gari lao jeupe, mstari wa buluu. Mapazia ya maua. Siyo alizeti, ni kitu kama waridi, lakini ya manjano, na Hilje atakuwa na machozi, hataangalia sana. Vikombe vyao nimevichungulia, buluu. Stika ya kijani, namba imefifia nusu. Wenyewe ni watu wazuri, walinipa biskuti.

Jambo moja tu lilinisumbua. Wale wa kwanza walikuwa wameshakufa, hawa ni wazima. Sikujua wao itakuwaje. Sikutaka kufanya ovyo, kwa hiyo nimejikaza nikaenda kuuliza, mimi ninayeogopa hata kuagiza mkate. Nimewauliza kama wanapenda kusafiri.

Yule mama akacheka, akamshika mumewe mkono. Kasema wanapenda mno, wangepata namna wasingerudi nyumbani kabisa.

Basi, wamesema wenyewe. Sasa hivi wamelala usingizi wa mchana, madirisha wazi. Saa tisa bado. Nakwenda kutafuta soketi ya drayer.