Kaa la Moto kwa Mzee Opondo

Alhamisi, 6 Juni 2024

Nimetegwa! Nilienda Katito kuomba mkono wa Beldina. Badala ya kuuliza kazi yangu, baba yake, Mzee Opondo, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, akauliza kaa la moto ni nini na neno lenyewe limetoka wapi. Nikasema ni Kiarabu. Nisichokijua huwa ni Kiarabu. Dishon, karani anayemmezea mate Beldina, alikuwa ameshajialika. Akaeleza taratibu kwamba ni kipande kinachobaki chekundu ndimi za moto zikishazima. Eti neno ni la kale la Kibantu: Wakikuyu wana makara, Wakisii amakara, Kiswahili kikadondosha herufi. Mzee akamwongezea chai. Mimi yangu ilipoa!

Ijumaa, 7 Juni

Beldina amepiga simu. Baba yake amenipa nafasi moja tu, Jumapili. Nikiboronga tena, nisikanyage kwao. Nampenda huyu msichana, jamani! Nimepata wazo. Dishon alete maneno, mimi nitaleta kaa lenyewe, likiwaka. Na zawadi, nisionekane mkono mtupu.

Jumapili, 9 Juni

Aibu! Sokoni Katito nilimwomba mama mchoma mahindi makaa mekundu, nikayabeba kwenye karai, jogoo kwapani. Nikaingia langoni nikitangaza kwamba nimewaletea moto. Mama Beldina akapiga yowe. Shangazi yake Beldina akafunga lango la ng'ombe. Mzee akasimama:

"Yawa, Walter! Umekuja kujenga boma ndani ya boma langu?"

Kumbe Mjaluo akienda kuanzisha boma lake huingia na jogoo, moto na shoka. Mimi mtoto wa mjini, wa Kondele, ningejuaje? Mkwe kuhamia kwa wakwe! Dishon, mwenye kiherehere, akamwagia makaa yangu maji. Jogoo akatoroka. Beldina alilia, na mimi nikalia njia nzima.

Jumatatu, 10 Juni

Beldina bado ananitaka! Anasema nikaombe radhi, nikae kimya, nisibebe chochote. Wanawake hawaelewi mipango. Mtu haombi radhi kwa mdomo mtupu. Nitaomba kwa jasho: kuni zote za Mama Beldina nitazipasua mwenyewe. Hakuna jogoo, hakuna moto, nani atalalamika? Nimetoka dukani sasa hivi. Kesho alfajiri wataniona langoni, shoka jipya begani.