Hata Benchi la Kusugua Kanyimwa

Redio aliingia akatoa habari kabla hata hajakung'uta theluji kwenye buti.

"Ouellette hachezi leo! Tena hata benchi la kusugua kanyimwa, kapandishwa jukwaani kwa watazamaji na tai shingoni! Namba kapewa yule dogo Hrynkiw!"

Redio ndiye Darlene Pawluk, anakata nywele saluni ya jirani, na mjini kwetu hakuna kichwa ambacho hajui kilichomo. Tulikuwa kwa Lorraine, mgahawa unaotazamana na uwanja wa barafu, pale wanapocheza magongo kwa kisahani cha raba badala ya mpira, meza yetu ya dirishani. Jumapili alasiri, televisheni imewashwa, timu yetu, Nungunungu, iko karibu kuingia uwanjani.

Pengo aliweka kikombe chini kwa kishindo. Huyu ni Réjean. Meno yake ya mbele yalibaki kwenye barafu ya uwanja huohuo enzi zake, na akikasirika maneno humtoka na upepo.

"Kocha kalogwa! Marcel Ouellette? Nahodha? Mtu kavunjwa pua, kavunjwa mbavu, kashonwa usoni kama mpira wa zamani, leo unamvalisha tai kama anaenda mazishini?"

"Si anazika miguu yake," Redio akamjibu huku anavua glavu. "Kaka, tuambiane ukweli. Marcel akianza kugeuka na kisahani, unaweza kwenda chooni, ukanawa, ukarudi, ukamkuta bado anageuka."

"Dakika mbili nje! Kumtukana mkongwe!" Huyo Kipenga, mzee Toivo, refa mstaafu. Hata mkewe akiunguza samaki, humwinulia mkono.

"Na huyo dogo?" Pengo hakukubali. "Kidevu hakijawahi kuona wembe! Akigongwa na wale mabeki wa leo, tutamzoa kwa kijiko."

"Wamkamate kwanza ndio wamgonge!" Redio akadakia.

"Mbio mbio, mbio za nini? Hata sungura ana mbio, mbona hatumpi namba?"

Nikaona nichochee kidogo. "Pengo, wewe si ndiye nahodha wa timu ya wazee ya Jumamosi asubuhi? Mbona shemeji yake Redio mmemnyima namba?"

"Yule bado mtoto."

"Ana miaka hamsini na miwili!" Redio akapiga meza.

"Basi asubiri. Papara za nini?"

Tulicheka mpaka Lorraine akatoka jikoni na mwiko. Hapo ndipo mlango ukafunguliwa, na baridi ikaingia pamoja na Marcel Ouellette mwenyewe. Suti ya buluu, tai nyekundu, bega moja chini kuliko lingine.

Redio ghafla akawa anasoma orodha ya vyakula anayoijua kwa moyo.

"Endeleeni tu," Marcel alisema, akavuta kiti. "Kule juu wananitazama kama maiti inayopumua. Afadhali matusi yenu."

"Nahodha, hukuwahi kutajwa hapa," Pengo akamwambia.

"Nimewasikia tangu maegeshoni, mzee wangu."

Lorraine akamletea kahawa na chipsi za jibini na mchuzi bila kuulizwa. Marcel hakugusa chipsi.

"Umekasirika?" nikamuuliza.

"Nilitaka kumpiga kocha kwa gongo. Halafu mnajua huyo dogo anakaa wapi? Kwangu. Chumba cha chini. Klabu iliniomba nimlee, aache kula pizza. Mchana mke wangu kampikia, gari lake limegoma kwa baridi, nani kamleta uwanjani? Mimi! Nimembeba mwizi wangu mpaka mlangoni, nikamshushia na begi."

"Si ungemwacha kwenye theluji!" Pengo akafoka.

"Niliwaza. Pale kwenye daraja nilipunguza mwendo kabisa. Nikamgeukia, mtoto kajitapikia kwenye glavu kwa hofu. Sasa ningefanyaje? Nikamwambia yule beki mkubwa wa wapinzani hamtazami mtu, anatazama kisahani. Akikujia, kipitishe katikati ya miguu yake."

Pengo alishika kichwa. "Umempa na siri!"

Mechi ikaanza. Dogo akaguswa akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Pengo akawa anatutazama mmoja mmoja, anafurahi kishenzi. Kipindi cha pili, yule beki mkubwa alimbamiza ukutani kishindo kikasikika mpaka kwenye vijiko vyetu. Dogo akalala kifudifudi.

Marcel alisimama, kahawa ikamwagika. "Inuka! Inuka, mwanangu! Usilale hapo!"

Pengo akamsogezea kitambaa, macho kwenye televisheni.

Dogo akapiga magoti, akainuka. Zamu yake iliyofuata, beki akamjia tena na macho yote kwenye kisahani. Dogo akakipitisha katikati ya miguu, akakikuta upande wa pili, akakipiga juu ya bega la kipa mpaka wavuni.

Goli! Redio akapanda juu ya kiti. Kipenga akamkumbatia Lorraine na mwiko wake. Pengo naye kajisahau, anapiga miluzi kwa lile pengo, halafu akakumbuka, akakaa, akamtazama Marcel kwa aibu.

Marcel alikuwa amepiga meza kwa kiganja, na mkono umebaki pale pale.

"Goli lile nilikuwa nalitunza," alisema polepole. "Msimu mzima, nalitunzia siku yule beki akija hapa."

Akala chipsi moja, ikiwa imeshapoa, akatabasamu kidogo. "Lakini mmemwona alivyopiga? Mimi ningegonga mwamba."

King'ora cha mwisho kilipolia tumeshinda, Marcel akasimama kutafuta funguo. "Ngoja nikapashe gari moto. Akitoka na jasho lile atashikwa na mafua."

Redio akamsogelea, akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Nahodha, ukichelewa kidogo tu, mafua yakamshika, Jumatano namba si inarudi kwako?"

Marcel alivuta kofia mpaka masikioni. "Nimeshalifikiria, dada. Shida ni mke wangu. Kasema nikirudi bila yule mtoto, nilale garini."