Ndimu kwa Masikio ya Samaki

Jumatatu, 5 Novemba 2012, Palma

Mwezi mmoja wa ndoa. Nafisa wangu ni asali, ni kivuli cha mchana, ni maji ya mtungi. Leo amenipakulia mkia.

Samaki yule, changu, nilimnunua mwenyewe jana kwa mvuvi wa kisiwa cha Vamizi. Mdogo, lakini mnene. Kwetu kichwa cha samaki ni cha mume. Baba yangu alikula vichwa maisha yake yote, wala hakuna aliyemuuliza. Nikauliza kichwa kiko wapi. Nafisa akajibu kwamba amekipeleka kazini.

Kazini, yaani kwa Narciso.

Tangu gesi ionekane huko kilindini, Palma imejaa wageni, na kabla ya kuchimba wanataka kuwajua samaki wa ghuba ya Tungue. Narciso ni fundi wao, katokea mji wa Pemba, makao makuu ya jimbo letu, si kile kisiwa. Kapanga nyumba yenye baraza ya vigae, na kamwajiri mke wangu kupasua vichwa na kutoa mawe ya masikioni. Nafisa ana mkono mwepesi, amekua akipaa samaki na mama yake. Mkono huo nimeuoa mimi.

Tukila, akanieleza. Ndani ya sikio la samaki mna maji. Maji yana chokaa, na kila siku chokaa huganda juu ya kijiwe, ngozi moja nyembamba, kama kitunguu. Maji yakiwa machachu, jiwe halikui. Ukilitia kwenye uchachu mkali, huyeyuka lote. Narciso anasema. Narciso amesoma. Narciso alimwonyesha.

Nilimeza mwiba.

Jumanne, 6 Novemba

Hila ya kwanza: upelelezi. Nikafunga kibanda changu cha krediti za simu, nikapeleka chakula barazani bila kuitwa. Nikawakuta wameinamia hadubini moja. Ushungi wake ulikuwa karibu kumgusa bega.

Narciso akanipokea kwa bashasha. Karibu, cunhado. Shemeji! Nafisa amekuwa dada yake lini?

Akaniambia nichungulie. Nami nimesoma mpaka darasa la kumi na mbili, sitishwi na kioo. Nikachungulia, nikaisifu ile mistari myeusi, jinsi ilivyojipanga. Nafisa akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa naziona kope zangu.

Jambo jingine: kucha zake ni safi. Mtu anayeshinda na utumbo wa samaki, kucha safi za nini?

Jumatano, 7 Novemba

Hila ya pili. Samaki mkubwa, jiwe kubwa. Nimtolee Nafisa jiwe ambalo Narciso hajawahi kuliota.

Nikanunua kichwa cha papa. Nikachokonoa kwa kijiko cha chai tangu adhuhuri. Sikio la kwanza: uji wenye mchanga. La pili: hivyo hivyo. Mama mkwe, Mama Zainabo, akaingia na kikapu cha ndimu za achari, akasimama mlangoni na kanga puani.

"Mkwe wangu," akasema, "huyo ameshakufa. Unamtafuta nini?"

Nafisa aliporudi alinifuta uso kwa upole, akaniarifu kwamba papa hana jiwe, ana vumbi laini tu lililoshikana. Narciso alishamwambia. Nyumba inanuka. Moyo wangu pia.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimekamata ushahidi. Nilikuwa natafuta fulana yangu katika sanduku lake la kanga (kweli fulana haikai huko, lakini mtu hutafuta). Chini kabisa, ndani ya pamba: mawe mawili meupe ya sikio, madogo, mazuri kama lulu.

Mwanamume hampi mke wa mtu vitu viwili vyeupe ndani ya pamba kwa sababu ya sayansi.

Sikufanya fujo. Mimi ni mstaarabu. Nikazikamua ndimu za achari katika kikombe cha kahawa, nikayatumbukiza mawe. Yakatoa povu dogo, sss, kama yanasengenya. Nikaongeza ndimu. Kufikia alasiri yalikuwa yamekwisha. Ndani ya pamba nikaweka chenga mbili za mchele. Zinafanana kabisa. Ningekuwa fundi mkubwa kuliko yeye.

Ijumaa, 9 Novemba

Ee Mola.

Baada ya swala Nafisa aliandaa karamu. Alimwita mama yake, na Narciso pia. Akaleta changu mzima, kichwa kimenielekea mimi. Machozi yalinilenga. Kisha akaleta pamba.

Akasema aibu ilimzuia kuniambia mapema. Yule changu wangu wa Vamizi alikuwa hai Ijumaa ile tuliyooana. Sikio lake liliiandika siku ile, ngozi moja kati ya zile nyingi. Ndiyo maana alikichukua kichwa. Akamwomba kaka Narciso amsaidie kuutafuta mstari. "Mume wangu," akasema, "siku yetu iko humu."

Akafungua. Narciso akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Mama Zainabo akachukua kijiwe kimoja, akakitafuna.

"Mchele wa mashamba ya Nhica," akasema. "Tena chenga."

Nafisa akanitazama. Akauliza ndimu za achari ziko wapi. Nikasema joto, nilizikamua nikanywa. Akauliza, zote? Akakileta kikombe cha kahawa, akakinusa mbele ya watu.

Ameondoka na mto wake, kwenda kwa mama yake. Mto aliubeba Narciso.

Jumamosi, 10 Novemba

Chai niliyojipikia haina ladha. Nikanunua changu mwingine, nikaenda kwa Mama Zainabo. Nafisa alikuwa upenuni, macho yamevimba. Nikampa kichwa. Nikamwambia kuanzia leo kila kichwa ni chake, mimi nitakula mkia mpaka nife.

Akakipokea, akakigeuza mkononi. Mama Zainabo akasema kutoka ndani kwamba mkia nao ana shaka kama nimeustahili.

"Wewe bwana," Nafisa akasema, "unaonea wivu hata jiwe." Kisha akacheka kidogo, na dunia ikarudi mahali pake. Akasema siku yetu haikupotea. Samaki wote waliokuwa hai Tungue Ijumaa ile wanayo masikioni. Hata huyu.

Tumerudi nyumbani pamoja, mto nimeubeba mimi. Anaimba jikoni sasa. Nampenda mpaka naumwa.

Ila nimekaa nikafikiri. Samaki wote, amesema. Narciso ana rafu nzima ya vichupa vya mawe hayo pale nyumbani kwake, na katika kila kichupa imo siku ya harusi yangu. Vyote hivyo analala navyo chumba kimoja.

Jumatatu ndimu huja sokoni kwa magunia.