Soli Zilizobaki Kikwajuni

Jamani, leo nimeaibika, tena nikiwa ndani ya koti jipya.

Naanza mwanzo. Mimi ni mtu wa peke yangu. Tangu mama afariki, katika flati yetu ya Michenzani nimebaki mimi na redio. Kwa majirani viatu vimerundikana mlangoni mpaka inabidi uviruke. Kwangu pana pea moja ya ndara, zangu mwenyewe, basi.

Sasa, yupo Bi Zuhura, mjane, anafanya kazi ghorofa ya chini ya ofisi yetu. Tumesalimiana muda mrefu (salamu tu, msianze). Juzi nikajikaza nikamwambia nia yangu, nusura nizimie kwenye ngazi. Akajibu, "Mimi nna kaka yangu. Njoo nyumbani keshokutwa baada ya alasiri, akuone."

Akuone! Nikakimbilia kwa fundi cherehani. Nikashonewa koti jepesi lisilo na bitana, na suruali ya kitani inayoishia juu kidogo ya kifundo cha mguu. Fundi akaniambia, "Suruali hii inataka kiatu kionekane."

Viatu ninavyo! Vya ngozi, rangi ya kahawia, nilivinunua zamani nikaviweka kwa ajili ya siku kubwa. Siku kubwa haikuja. Lakini kila Ijumaa nilivitoa kwenye boksi, nikavipangusa, nikavipaka dawa, nikavisugua mpaka nauona uso wangu, nikavirudisha. (Ndiyo, na maneno mawili matatu tulikuwa tunazungumza. Nyumba ikiwa kimya, mtu utafanyaje?)

Leo nikavivaa. Njia nzima mpaka kwao Kikwajuni nahisi nyayo laini, kama nakanyaga mkate wa boflo. Nikajisemea moyoni, kumbe haya ndiyo mambo ya viatu vya maana!

"Hodi!"

"Karibu, karibu ndani!"

Nikavivua mlangoni, nikavipanga pembeni ya lundo la ndara za watu wa nyumba ile, vinang'aa peke yavyo. Roho iliniuma kuviacha nje bila kutazamwa. Lakini ndani mambo yakaenda vizuri kuliko nilivyoota. Kaka yake, Bwana Abeid, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akapokea shikamoo yangu, akalitazama koti, akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Tukacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka na mtu aliyekaa mbele yangu.

Nilipoaga, akainuka. "Ngoja nkusindikize."

Nikavaa viatu. Hatua ya kwanza tu, kipande cheusi kikadondoka barazani. Nikatupa jicho chini. Soli! Inamegeka kama keki! Miaka yote nilikuwa napaka ngozi ya juu, kumbe joto na unyevu vinaila soli ndani ya boksi.

"Usijisumbue, Bwana Abeid, rudi tu ndani."

"La! Mgeni haachwi mlangoni. Nnakufikisha njia kuu."

Tukaenda. Kila hatua naacha kitu. Yeye anazungumza habari za ukoo wao, mimi nasikiliza miguu. Tulipofika kwenye duka la kona, soli ya kushoto ikawa imebaki nyuma yote. Juu kiatu kinang'aa, chini soksi inakanyaga kokoto! Nikaanza kuburuza mguu ili kiatu kisiinuke.

"Mguu una nini?" akauliza.

"Baridi yabisi." (Nimejitia maradhi siku ya kukaguliwa!)

"Imekuanza lini?"

"Leo."

Mara nyuma nikasikia sauti. "Bwana Hafidhi! Bwana Hafidhi!"

"Naam," nikaitika. Ningefanya nini?

Bi Zuhura anakuja mbio mbio, soli yangu mkononi, amejaza vipande vidogo kwenye kipembe cha mtandio. "Umeangusha!" Kina mama waliokaa barazani wakaangua kicheko. Muuza duka akatoka nje kabisa, asipitwe.

Bwana Abeid akaitazama soli, akanitazama mguu.

"Viatu hivi hujavivaa siku nyingi?"

"Sijavivaa kabisa."

"Kwa nini?"

"Sikuwa na pa kwenda."

Kicheko kikakatika. Wallahi, hapo ndipo niliposikia aibu ya kweli. Nilitamani waendelee kucheka.

Bi Zuhura akakimbilia nyumbani kwao. Akarudi na ndara zake za pinki, zenye maua. "Vaa hizi. Lakini nnazitaka. Na uzilete mwenyewe, usimpe mtu."

Nikazivaa. Visigino nje, koti la fundi mwilini, viatu vya siku kubwa kwapani. Nimepita hivyo mpaka Michenzani, na kila niliyemsalimia alinijibu huku akitazama chini.

Sasa nipo nyumbani, nawasimulia nyinyi maana redio haijibu. Ndara za pinki nimezipangusa, nimezipanga nje mlangoni, kando ya zangu. Jirani kapita sasa hivi. Nikamsikia anasimama.

"Hafidhi! Leo una mgeni?"

Sijamjibu. Na nyinyi, tafadhalini, msimwambie.