Mashua ya Baba Juu ya Barafu

Jumatatu, 15 Julai

Joto! Arnannguaq wa kituo cha hali ya hewa anasema pepo za juu, ambazo hutupitia mbio kutoka magharibi, zimejikunja. Hewa nzito imeketi juu ya Greenland nzima, imefukuza mawingu, inatuvutia joto la kusini. Barafu kuu inayeyuka. Samaki wanaoza kabla ya kukauka, mbu wamejaa, kijiji kizima kinaomba hewa hiyo iondoke. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi naomba ikae! Huko juu ya barafu limetokea ziwa la buluu, tuli kama usingizi. Arnannguaq anahamia mji mkuu, Nuuk, wiki ijayo. Nikimzungusha pale kwa mashua, hahami. Nampenda, basi.

Jumatano, 17 Julai

Mashua ni ya marehemu baba. Yaani ni ya mpwa wangu, maana alirithi jina la baba, na kwetu anayepewa jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe; hata mimi namwita Baba. Ana miaka sita. Nilimwomba kwa adabu. Baba akakataa, mdomo umejaa keki. "Mwanangu, wewe kila kitu unapoteza!" Mama akaniambia nimsikilize baba yangu. Nikaahidi mtoto wa mbwa. Baba kakubali.

Ijumaa, 19 Julai

Mbwa wa binamu yangu Nuka wameivuta mashua hadi ziwani. Nuka alicheka njia nzima. "Pavia bwana! Wenzako mashua wanashusha baharini, wewe unapandisha mlimani?" Wivu tu. Alipoondoka nililala chali mashuani. Hakuna upepo, hakuna sauti. Anga juu, anga chini. Sikujua niko macho au naota. Joto tamu, usiende.

Jumamosi, 20 Julai

Nimenyoa. Nimempandisha Arnannguaq, birika la kahawa mgongoni. Tumefika. Ziwa hakuna! Shimo tupu la buluu, mashua katikati kama kuku anayeatamia, upande wake wa nyuma umenasa kwenye ufa. Arnannguaq akaeleza kwamba maji yakizidi hupasua barafu na kuzama hadi mwambani. Joto lililolijaza ziwa ndilo lililolitoboa. Nilitaka kulia. Yeye akapanda mashuani, akadai kahawa. Nikashika makasia, nikapiga hewa. Akacheka hadi machozi. Nikamwomba asihame. Akanishika mkono, akasema anahama, lakini hajawahi kusafirishwa vizuri hivi.

Jumapili, 21 Julai

Upepo umegeuka. Mawingu, baridi. Baba ameuliza mashua yake iko wapi. Nikamweleza kwamba barafu hutembea, itaifikisha baharini yenyewe. Akauliza lini. Nikasema atakapokuwa mzee. Akanitazama vile vile alivyonitazama marehemu, akamchukua mtoto wa mbwa, akaondoka. Imeniuma sana.

Arnannguaq kaja kuaga. Kasema hewa ile nzito huenda ikarudi Agosti, na yeye atakuja kutembelea wazazi. Agosti! Juu zaidi kwenye barafu kuna bonde pana kuliko lile shimo, nalo litajaa maji. Nuka ana mashua, tena mpya. Kesho naanza kuwasifia mbwa wake.