Mistari ya Bafu la Shemeji

Jumatatu, 5 Mei

Carol, daftari hili utalisoma wewe peke yako, kwa hiyo nitaandika kila kitu, hata yanayoniaibisha. Hasa hayo. Jumapili nitamkabidhi Paddy wa bodaboda akuletee dukani kwenu, Busia ya upande wa Kenya.

Bafu la shemeji Opendi limekwisha. Limekwisha vibaya. Vigae vyenyewe ni vizuri, vyeupe, vimenyooka. Shida ni grauti, ile saruji laini inayojazwa katikati yake. Ukuta wa kulia mistari ni ya rangi ya uji. Wa kushoto ni myeupe kama maziwa.

Na kosa ni langu. Fundi Ojulong aliishiwa na grauti baada ya ukuta mmoja. Shemeji akanituma pakiti ya pili, nikanunue pale pale iliponunuliwa ya kwanza. Mimi nikajiambia vitu vya upande wa pili wa mpaka ni bora, tena nina ndugu dukani. Nikaagiza kwako nyeupe. Ukaniletea nyeupe. Kumbe ya kwanza haikuwa nyeupe.

Ojulong alitazama, akasema, "Hii ukuta imekunywa uji, hii ingine imekunywa maziwa." Shemeji hakufoka. Alisema tu, "Shemeji, mimi nilikuambia pale pale." Afadhali angefoka.

Sasa la kutisha. Mama anakuja Jumamosi kutoka Masaba, mara ya kwanza tangu dada Justine aolewe. Anakuja kuamua kama nitaendelea kusoma hapa Tororo, penye maabara na darubini mbili, au nirudi nyumbani. Amemwambia dada kwenye simu kwamba kama niko huku naota tu, basi nikaote nimeshika jembe.

Ataingia kuoga. Atainua macho. Atauliza nani alinunua grauti.

Jumanne, 6 Mei

Mpango wa kwanza: rangi ya raba, ile nyeupe ya maji tunayopaka viatu vya michezo. Nikaipaka kwenye ukuta wa uji kwa mswaki wa zamani. Saa tatu nzima. Ukapendeza. Nilisimama mlangoni nikajiona fundi.

Jioni shemeji akaingia kuoga. Kumbe huegemea ukuta akisugua miguu. Akavaa shati jeusi juu ya mgongo mbichi, akaenda kwenye kikao cha kanisa. Dada alikaa nyuma yake. Anasema shati lilijaa miraba myeupe kama daftari la hesabu, na waliokaa benchi lile hawakusikia hata neno moja la sala.

Ukuta umerudi kuwa uji. Wenye mabaka.

Jumatano, 7 Mei

Nimegeuza fikra. Kama uji haukubali kuwa maziwa, maziwa yawe uji. Madam Atim wa sayansikimu alitufundisha kwamba chai huacha madoa kwenye vikombe vyeupe. Nikachukua chai iliyobaki kwenye chupa asubuhi, nikaikoleza majani, nikapaka kuta zote mbili ili pasiwe na upendeleo. Nikaenda kufua.

Niliporudi nilidhani macho yangu yana kasoro. Mistari yote ilikuwa myeusi. Kisha mistari ikatembea.

Sisimizi, Carol. Chai ilikuwa na sukari. Walijipanga kila mstari, kulia na kushoto, juu na chini, bila kukanyaga kigae hata kimoja. Nimeahidi kusema kweli, basi nasema: kwa nusu saa hivi, bafu lile lilikuwa la rangi moja.

Dada alikuja na ndoo ya maji ya moto. Aliuliza ni nani ananywa chai bafuni.

Alhamisi, 8 Mei

Ojulong alipita kuchukua pimamaji yake. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza kuhusu bafu la watu wengine. Akacheka. "Wewe mtoto ya shule, grauti haidanganywi. Nakwaruza, natoa ya juu yote. Nachanganya ndoo moja, maji moja, najaza upya kuta zote. Siku mbili. Nakuja Jumanne."

Jumanne! Mama atakuwa ameshaniona, ameshaniamulia, na nimeshashika jembe.

Nikaanza kukwaruza mwenyewe kwa bikari ya jometri. Ilivunjika kwenye mstari wa nne. Mstari wa tatu sasa una upana wa kidole, na kigae kimoja kimepoteza kona.

Nikamwuliza dada kama mama hupenda kuoga maji ya moto au ya baridi, nimwandalie bafuni. Dada alicheka mpaka akashika ukuta, kisha simu yake ikalia. Sijui alicheka nini. Labda ni uchungu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimewaza kisayansi. Rangi zote hushindwa na nyeusi. Nimechukua dawa ya viatu, ile nyeusi, makopo mawili, na kitambaa. Kuta zote. Mistari yote. Hata kona iliyopotea nimeijaza.

Zinafanana! Mikono yangu ni myeusi mpaka kwenye viwiko, sabuni imeshindwa, mafuta ya taa yameshindwa, lakini zinafanana. Dada aliingia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Dorcas."

Leo natumaini kidogo.

Jumamosi, 10 Mei

Mama amefika saa nne. Hakuvuka kizingiti. Aliketi kwenye mkeka barazani, akampa mlango mgongo, kwa sababu shemeji alikuwa sebuleni. Walisalimiana kupitia kwa dada, ingawa hatua tatu tu ziliwatenga. Nilidhani ni aibu ya wageni.

Nikasimama mbele yake na taulo jipya. Nikamwambia maji yako tayari.

"Wapi?"

"Ndani, mama. Bafuni kwa shemeji."

Mama alinitazama kama niliyemtukana. "Mimi nivue nguo nyumbani kwa mkwe wangu, hata mbuzi wa kunifungulia mlango hajaletwa? Hiyo darubini yenu inapima nini, kama hili hamjaliona?"

Akachukua taulo, akaenda kuoga kwa jirani, Mama Aboth, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya migomba.

Nilibaki nimesimama. Dada alijua kwamba mama mkwe haingii kwa mkwewe kabla ya mbuzi. Shemeji alijua. Nadhani Ojulong pia alijua. Nikamwuliza dada kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani nahangaika kwa kumwonea mume wake huruma.

Mama aliporudi aliona mikono yangu. Akauliza imefanya nini. Nikasema yote, Carol, kuanzia pakiti yako mpaka dawa ya viatu. Kisha sebuleni mtu akaanza kukohoa, na hicho hakikuwa kikohozi.

Shemeji akasema kwa dada, kwa sauti iliyofika barazani, "Mwambie mama, huyu msichana hajalala mchana hata siku moja. Bikari nitamnunulia ingine."

Mama akaomba maji ya kunywa.

Jumapili, 11 Mei

Mama, aliyelala kwa Mama Aboth, ameondoka baada ya ibada. Kabla ya kupanda gari alinivuta kando. Akasema mtu anayeweza kufanya kazi ya bure siku nne bila kuchoka, akipewa kazi yenye maana huenda akaimaliza. Nitabaki Tororo. Sharti ni moja: nisiguse kitu chochote cha shemeji isipokuwa vitabu na sufuria. Nikaapa.

Nililia kwa furaha. Machozi yakawa meusi, kwa sababu nilijifuta kwa mikono.

Ila kuna jambo. Shemeji amesema mbuzi atapelekwa Masaba Desemba, na baada ya hapo mama anaweza kuingia kuoga. Na leo asubuhi taulo la shemeji limetoka bafuni likiwa jeusi, na ukuta wa kushoto umeanza kurudi kuwa maziwa. Ojulong anakuja Jumanne na ndoo yake moja. Lakini kwa nini tumsumbue mzee wa watu siku mbili? Nimeapa kuhusu vitu vya shemeji. Grauti ya kushoto niliagiza mimi, kwa hiyo ni kama yangu.

Carol, duka la jirani yenu linauza vipodozi. Rangi ya kucha, ile nyeupe, huvumilia maji ya moto? Na kwa kuta mbili zitatosha chupa ngapi? Paddy atasubiri hapo dukani. Mpe jibu arudi nalo leo leo.