Mwezi Nilioununua Stendi

Jamani, mie leo sina sura ya kuitembeza mtaani. Nawaambia mwenyewe humu kundini kabla hamjaambiwa na Bi Mwanaidi, maana yule najua ataongeza chumvi. (Naongea, simu inaandika. Mkiona neno la ajabu, ni la simu. Aibu ndiyo yangu.)

Mjukuu wangu Nasra mnamjua, mwalimu wa sayansi, ninakaa naye hapa Kibamba. Ana darubini kubwa ya miguu mitatu, jioni tunaiweka uani tunaangalia nyota. Mwanzo nilikuwaga nasema ni uchawi wa wasomi. Siku hizi mie ndiye namsumbua, "Nasra, toa lile bomba." Sasa lile bomba linaona mbali lakini linaona padogo, kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Unatafuta nyota moja mpaka shingo inauma. Ndiyo Nasra akasema tupate na ile ndogo ya kushika mkononi, ya macho mawili. Ndogo inatafuta, kubwa inakazia.

Basi leo tumefunga ishirini na tisa. Jioni kila mtu macho juu, mwezi wa Idi. Nikasema leo leo nainunua. Nasra akiwa anatoka kwenda kazini akaniusia mlangoni kama mtoto anayetumwa dukani.

"Bibi, usichukue inayojisifu kukuza sana. Mkono wako unatetemeka, nyota zitacheza singeli. Vile vioo vyekundu vinavyong'aa achana navyo. Na kabla hujalipa, fumba jicho hili, halafu fumba hili, angalia ukuta mweupe. Ubovu wa ndani wote utauona."

"Nimesikia."

(Nilisikia kweli. Kusikia si kazi.)

Nikaenda Mbezi Luis, nje ya stendi, pale wanapopanga mitumba. Kijana mmoja ana meza ya pasi, redio na makorokoro mengine.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Darubini unazo?"

Anazo mbili. Moja nyeusi, fupi, nene, imechubuka, vioo vipana, unaiona tu imekula chumvi nyingi. Ya pili ndefu, inang'aa, vioo vyekundu kama komamanga. Ubavuni imeandikwa namba kubwa. Na bei yake iko chini.

"Hii, bibi, unaona inzi wa Kibaha akinawa mikono."

Mie nani nisimwone inzi wa Kibaha? Nikaishika hiyo hiyo ya komamanga. Ukuta mweupe ulikuwepo pale pale, sikatai. Ukuta wa choo cha kulipia. Sasa mtu mzima, na baibui langu, na saumu yangu, nisimame nikodolee choo kwa darubini, wapita njia waseme nini? Nikaona aibu. Nikalipa, nikaondoka. (Ile aibu ndogo bora ningeipokea. Ilikuwa na bei nafuu.)

Magharibi tukafungua kwa tende na maji, tukaswali, haraka tukatoka nyuma ya nyumba yangu pale kwenye mteremko. Kina mama wote wa mtaa wanakutanaga pale kuangalia upande wa Kibaha. Bi Mwanaidi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaniona na mzigo shingoni.

"Shoga, unakwenda vitani?"

"Nakuja kuona mwezi. Wewe mwaka jana ulituonyesha taa ya mnara wa simu."

"Mwezi ukiandama unaonekana na kila mwenye macho. Hauhitaji mitambo."

Sasa niwaambie la moyoni. Toka nizaliwe sijawahi kuwa wa kwanza kuuona. Kila mwaka nauonaga nimeshaelekezewa kidole. Marehemu mama yangu, kule Temeke, aliwahi kuutangulia mtaa mzima, wakamwita Mama Mwezi mpaka anakufa. Mie nilitaka mara moja tu. Moja.

Nikaweka darubini machoni. Mama yangu.

Huo hapo. Mwembamba, mweupe, kama kucha iliyokatwa, unang'aa juu ya minazi.

"Mwezi huo!"

Watu wakakodoa. Hawaoni. Nikasema ni wingu, macho matupu hayafiki. Nikampa Mwanaidi. Akaangalia. Halafu na yeye akapiga kigelegele. Utani wote ukamwisha pale pale, akakimbia kwake kuinjika pilau la Idi. Wasichana wa nyumba ya tatu wakapaka hina. Watoto wakatoka mbio kwenda msikitini kumwambia shehe. Mie nimesimama katikati, nimevimba kama andazi.

Shehe akaja na muadhini wake. Shehe wetu ni mpole, na mwezi hautangazi kwa kelele za watoto, lazima amsikie aliyeuona.

"Bibi, umeuona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Upande gani?"

"Kule, juu ya minazi."

"Pembe zake zilielekea wapi?"

"Chini."

Muadhini akakohoa.

"Chini, bibi?"

"Chini kabisa. Kama mwavuli."

Jamani, mwezi mchanga wa kwetu unalala chali kama bakuli. Nimeuona hivyo umri wangu wote. Lakini furaha ilikuwa imenikaa kichwani, ubongo haukuwa na pa kukaa.

"Na bado upo?"

"Upo. Kila nikiangalia upo. Hata nikigeuka unanifuata." (Nilidhani namsaidia.)

Shehe akaomba darubini. Akaangalia minazi. Akaangalia upande wa mjini, ambako mwezi mchanga haujawahi kukaa. Kisha akageuka polepole, akamwangalia muadhini.

"Usitikisike," akamwambia. "Una mwezi kwenye kofia."

Akaugeukia ukuta wa nyumba yangu, ule niliopaka chokaa juzi.

"Na hapa upo."

Hapo ndipo Nasra akatokea, ametoka kazini, foleni imemchelewesha, begi bado begani. Akaipokea darubini, akafumba jicho hili, akafumba hili, akaelekeza ukutani. Mbele ya mtaa mzima.

"Bibi, uliangalia ukuta kabla ya kulipa?"

Nikaangalia ndala zangu.

"Kioo cha ndani kimemeguka, bomba la kulia. Mwanga ukipiga kinang'aa."

Nilisubiri ardhi ipasuke. Haikupasuka. Aliyeanza kucheka ni muadhini, eti anakohoa. Baada yake sikuhesabu. Nasra akatoa ile kubwa ya miguu mitatu, akapekua mbingu yote ile. Wingu tupu.

Shehe hakucheka, Mungu ampe umri. Akasema, "Bibi, hujasema uongo, umesema ulichokiona. Mwakani utuite tena. Ila uje na macho matupu." Akaenda kusikiliza redio. Redio ikasema kesho tunafunga.

Nikaingia ndani, nikajifungia. Punde nasikia mwiko unagonga ukuta wangu.

"Bi Mwezi! Bi Mwezi, fungua. Pilau limeiva, sufuria zima, na Idi hakuna. Nimpe nani?"

Jina la mama yangu nimelipata, jamani. Nimelilia miaka yote, leo nimeitiwa juu ya ukuta, na mwiko.

"Mwanaidi, na wewe si uliuona?"

Akashusha sauti. "Hilo, shoga, tusiwaambie watu."

Basi sikuwaambia. Daku la leo mtaani kwetu ni pilau, na nyama ipo ya kutosha. Karibuni wote. Anayetaka kunicheka akale kwao.